Maisha ya Christian Doppler, mwalimu ambaye jina lake linakaa ndani ya radari



Ukurasa huu wa maisha ya watu wakubwa umekwisha kuwaletea wafalme, waganga na wasafiri. Mara hii sisi, kapita wa wanafunzi, tumechagua mwalimu wa matematiki. Tunajua wengine watageuza ukurasa mbio wakatafute matokeo ya mpira. Tunawaomba wasome kwanza. Kiisha kusoma, kama wanataka kucheka, wacheke.

Sababu ya kumchagua ni hii. Siku moja tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na madirisha yote yalikuwa wazi. Kamio moja ikapita njiani, chini ya kilima chetu, ikikimbia sana na kupiga honi bila kuacha. Wakati ilipokuwa inakuja, sauti ya honi ilikuwa juu. Ilipotupita tu, palepale sauti ikashuka. Mwenzetu mmoja wa sauti ya besi alisema kwamba kamio imeimba re, halafu do. Sisi wote tulicheka, na mazoezi yakaharibika kidogo. Kumbe alisema kweli kabisa, na tutawaonyesha hesabu yake hapa chini. Yule dreva hakubadilisha honi yake hata kidogo. Kitu kilichobadilika ni nini? Mtu wa kwanza aliyeandika jibu la swali hili aliitwa Christian Doppler. Kwa jibu lake, leo ndege zinaponea dhoruba, na polisi wanajua mwendo wa motokari bila kuikimbilia.

1. MTOTO WA WACHONGA MAWE

Christian Doppler alizaliwa tarehe 29 Novemba 1803 katika mji wa Salzburg, ambao leo uko katika inchi ya Austria. Nyumba ya wazazi wake ilikuwa kwenye kiwanja kilekile ambapo jamaa ya Mozart, yule mtunga muzika, walikaa zamani. Baba yake alikuwa mchonga mawe mwenye jina, na babu zake vilevile. Desturi ilitaka mtoto ashike nyundo ya baba. Lakini Christian alikuwa na mwili dhaifu tangu utoto, na kazi ya mawe haimngojei mtu dhaifu. Basi wazazi wakabaki na mashaka: mtoto huyu atakula nini kesho?

Mtu aliyefungua njia alikuwa mwalimu. Simon Stampfer, aliyefundisha matematiki kule Salzburg, alitazama kazi za kijana akaona kwamba kichwa chake kina nguvu ambayo mikono yake haina. Alishauri apelekwe mji mkubwa wa Vienna. Mwaka wa 1822 Doppler akaingia Politekniki ya Vienna. Kiisha akarudi Salzburg kumalizia masomo yaliyobaki, halafu akaenda tena Vienna kujifunza matematiki, mekaniki na elimu ya nyota katika chuo kikuu. Mwaka wa 1829 alipata kazi ya kuwa msaidizi wa profesa. Kazi ile ilikuwa ya miaka michache tu, na ilipokwisha alikuwa karibu na miaka 30, bila fasi nyingine.

2. DIPLOMA MKONONI, KAZI HAKUNA

Hapa ndugu zetu waliomaliza masomo mbele yetu watamwelewa vizuri. Doppler alikuwa na elimu, alikuwa na barua za waalimu, lakini kazi ya kufundisha haikupatikana. Wakati ule katika ufalme wa Austria, fasi moja ya ualimu ikifunguliwa, wengi walikuja kushindana kwa egzameni ndefu, na mmoja tu aliichukua. Doppler alishindana mara kwa mara, na mara kwa mara alirudi nyumbani mikono mitupu. Kusudi asife njaa, alifanya kazi ya kuandika hesabu katika kiwanda cha kusokota pamba. Mtu aliyejua kupima mwendo wa nyota alikaa kwenye meza akihesabu mizigo ya nyuzi.

Mwaka wa 1835 alichoka. Alikata shauri kuhamia Marekani. Aliuza vitu vyake, akasafiri hata mji wa München kuonana na konsuli wa Marekani. Mambo yote yalikuwa tayari. Halafu habari ikafika: sekondari ya ufundi ya mji wa Prague inamtaka kuwa mwalimu. Haikuwa fasi kubwa, lakini ilikuwa fasi. Doppler akaacha safari ya Marekani, akaenda Prague. Mwaka wa 1836 akaoa Mathilde Sturm, binti wa mfua zahabu wa Salzburg, na Mungu akawapa watoto 5. Mwaka wa 1841 akawa profesa kamili katika Politekniki ya Prague.

3. KIKAO CHA TAREHE 25 MEI 1842

Siku ile Doppler alisimama mbele ya Shirika la Elimu la Bohemia, kule Prague, akasoma karatasi yake juu ya rangi za nyota. Wasikilizaji walikuwa wachache sana; darasa letu dogo kupita yote lina watu wengi kuliko kikao kile. Hakuna aliyejua kwamba jambo kubwa limesemwa.

Wazo lake ni rahisi, na sisi wa pande za ziwa tunaweza kulishika bila shida. Mtumbwi ukisimama, mawimbi yanaupiga mara fulani kwa dakika. Ukipiga kasia kuyaelekea mawimbi, yanaupiga mara nyingi zaidi. Ukigeuka na kwenda pamoja nayo, yanaupiga mara chache. Mawimbi ni yaleyale. Mwendo wako ndio unaobadilisha hesabu. Ni vilevile kama anayeleta mawimbi ndiye anayetembea. Sauti ni mawimbi, na mwangaza ni mawimbi. Sauti ikipiga sikio mara nyingi zaidi kwa sekunde, tunasikia iko juu. Ikipiga mara chache, tunasikia iko chini. Kwa mwangaza, rangi inaelekea upande wa buluu au upande wa nyekundu.

Sasa hesabu ya kamio yetu. Sauti hukimbia karibu meta 340 kwa sekunde. Tuseme kamio inakimbia kilometa 72 kwa saa, njo meta 20 kwa sekunde, na honi inapiga mara 400 kwa sekunde.

Ikija: 400 × 340 : 320 = 425.
Ikienda: 400 × 340 : 360 = karibu 378.

Gawanyeni 425 kwa 378: mutapata karibu 1,125, ndiyo 9 juu ya 8. Waulizeni wakubwa wa kwaya: 9 juu ya 8 ni hatua ya do hata re. Basi mwenzetu wa besi alikuwa na sikio nzuri, na sisi tuliomcheka tunamwomba radhi hapa mbele ya wote.

Lakini tusifiche jambo moja. Doppler alikuwa na kanuni ya kweli, na mfano wake wa kwanza ulikuwa wa uongo. Alifikiri nyota zote kwa asili ni nyeupe, na kwamba zile zenye rangi zimepata rangi kwa sababu ya mwendo wao, zaidi zile nyota mbilimbili zinazozungukana. Sivyo. Mwangaza unakimbia kilometa 300 000 kwa sekunde, na mwendo wa nyota hizo ni mdogo mno mbele yake, hauwezi kugeuza nyota nyeupe kuwa nyekundu machoni petu. Rangi ya nyota inatoka katika moto wake: zenye moto mkali zaidi ni za buluu, zenye moto mdogo ni nyekundu. Kanuni ilikuwa sawasawa. Fasi alipoitumia haikuwa sawasawa. Mukumbuke neno hili, tutalirudilia.

4. TARUMBETA JUU YA GARI LA MOSHI

Katika inchi ya Uholanzi kulikuwa kijana mwenye elimu, jina lake Christoph Buys Ballot. Hakukubali habari ya rangi za nyota. Lakini hakukaa kumbishia kwa maneno tu. Alisema kwamba kama kanuni ni ya kweli, sikio litaisikia, basi tupime. Wakati ule gari la moshi lilikuwa jambo jipya. Mbele ya gari la moshi, mtu hakuwa na chombo cha kukimbia sana namna ile. Walimwazima injini kwenye njia kati ya Utrecht na Maarssen.

Mwezi wa Februari 1845 walijaribu, lakini baridi na theluji viliwashinda. Mwezi wa Juni mwaka uleule wakarudi. Juu ya behewa wazi walipanda wapiga tarumbeta, wakipiga sauti moja bila kuibadilisha. Kando ya njia walisimama wanamuzika wengine wenye masikio ya hakika, wakiandika sauti waliyosikia. Hawakuwa na mashini ya kupima. Masikio yao ndiyo yalikuwa mashini. Injini ilipiga kelele, na mwendo wake haukuwa rahisi kuushika sawasawa. Hata vile, jibu lilitoka wazi: gari likija, sauti iko juu, likienda, sauti iko chini, karibu kabisa na hesabu ya Doppler.

Buys Ballot alifanya jambo ambalo tunapenda sana. Alikuja na mashaka, lakini alipoona kanuni ya sauti ni ya kweli aliandika kwamba ni ya kweli, na juu ya rangi za nyota aliendelea kukataa. Upande wa kukubali alikuwa na haki, na upande wa kukataa vilevile. Kiisha mtu huyuhuyu, mwaka wa 1854, akawa mkubwa wa kwanza wa shirika la kutazama hali ya anga la Uholanzi, akachunguza upepo na dhoruba. Hakujua kwamba siku moja kanuni aliyoipima kwa tarumbeta itakuwa jicho la watu wa kazi ileile.

5. MWALIMU MKALI NA BARUA YA WANAFUNZI

Wakati Doppler anasifiwa mbali, kule Prague alikuwa mashakani. Politekniki ilikuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi. Profesa mmoja aliwauliza mamia ya wanafunzi kwa mdomo na kwa maandiko, siku mfululizo, katika vyumba vilivyojaa watu. Kifua chake kilikuwa kimekwisha kushikwa na ugonjwa. Na wanafunzi walilalamika kwamba ni mkali mno katika egzameni. Malalamiko yalifika kwa wakubwa, uchunguzi ukafanywa. Mwaka wa 1844 mwili ukamshinda, akaacha kufundisha kwa muda, akarudi kazini mwaka wa 1846.

Sisi kapita tulipofika hapa katika kusoma maisha yake, tulisimama. Kuna siku darasa moja lilikuja kwetu na hasira juu ya pointi, likitaka tuandike barua. Tuliandika, na maneno yalikuwa ya moto. Hatukuuliza mwalimu yule anafundisha madarasa mangapi. Hatukuuliza ni madaftari mangapi yanayomngoja usiku karibu na taa. Kiisha tulijua, na tuliona haya. Hatusemi mwanafunzi asilalamike; pengine wale wa Prague walikuwa na haki yao, na mwalimu mgonjwa anaweza kukosea. Tunasema tu kwamba upande mmoja wa habari si habari. Kama wale vijana wangejua ni nani aliyesimama mbele yao, na namna alivyokuwa anakohoa, barua yao ingekuwa na maneno mengine. Sisi vilevile.

6. HESHIMA, MASHINDANO NA KIFO

Mwisho wa mwaka wa 1847 Doppler alihamia Schemnitz, mji wa migodi ambao leo unaitwa Banská Štiavnica katika Slovakia, akafundisha katika chuo cha migodi. Mwaka wa 1848 vita na fitina zikaenea katika ufalme ule, na alirudi Vienna. Tarehe 17 Januari 1850 mfalme Franz Joseph alimweka kuwa mkubwa wa kwanza wa Institute mpya ya Fizikia katika chuo kikuu cha Vienna. Mtoto wa mchonga mawe, karani wa kiwanda cha pamba, amefika juu. Kati ya wanafunzi wa fizikia kule Vienna alikuwa Gregor Mendel, yule ambaye sisi sote tunamjua katika biolojia kwa ajili ya mbegu za njegere.

Lakini furaha ilikuwa fupi. Mwaka wa 1852 Josef Petzval, mtu wa matematiki mwenye jina kubwa, aliyepata kuhesabu kioo kizuri cha mashini ya picha, alisimama katika Akademia ya Vienna kuishambulia kanuni ya Doppler. Sababu moja ilikuwa kwamba hesabu zake ni rahisi mno. Petzval aliona kwamba elimu kubwa haiwezi kutoka katika hesabu za mistari michache. Tena alitoa hesabu yake mwenyewe kuonyesha kwamba sauti haibadiliki. Hesabu ile haikuwa na kosa, lakini ilikuwa ya jambo lingine: ilisema juu ya hewa inayotembea, wakati mpiga sauti na msikilizaji wote wamesimama. Kweli, upepo peke yake haubadilishi sauti. Doppler alikuwa anasema juu ya mpiga sauti anayetembea. Walibishana sawa na watu wawili wanaotazama milima miwili na kuiita jina moja.

Doppler hakuwa tena na nguvu ya kubishana muda mrefu. Mwezi wa Novemba 1852 alisafiri Venice, ambao siku zile ulikuwa chini ya Austria, akitumaini kwamba hewa ya bahari itakisaidia kifua chake. Haikusaidia. Alikufa kule tarehe 17 Machi 1853, akiwa na miaka 49, akazikwa kwenye kisiwa cha San Michele. Aliacha mjane na watoto 5, na ubishi ambao haujakwisha.

7. KANUNI INATEMBEA PEKE YAKE

Mtu akifa, adui zake wanafikiri neno limekwisha. Hapa sivyo. Mwaka wa 1848, Doppler akiwa bado hai, Hippolyte Fizeau wa Ufaransa alikuwa amefika kwenye wazo lilelile kwa njia yake mwenyewe, akasema tusitazame rangi yote ya nyota, tutazame mistari myembamba iliyo ndani ya mwangaza wake. Mwaka wa 1860 Ernst Mach, kijana wa miaka 22, alitengeneza kule Vienna chombo chenye filimbi inayozungushwa, kila mtu akasikia sauti inapanda na kushuka. Mwaka wa 1868 William Huggins wa Uingereza akajaribu kupima mwendo wa nyota Sirius kwa mistari ya mwangaza. Na mwaka wa 1889 Hermann Vogel, kule Potsdam katika Ujeremani, akaonyesha kwa njia hiyo kwamba nyota Algol ina mwenzake wanaozungukana, ingawa jicho linaona nyota moja tu. Munaona? Doppler alikosea juu ya rangi za nyota mbilimbili, na kanuni yake njo iliyofundisha watu kuzivumbua nyota mbilimbili.

8. RADARI

Sasa tufike kwenye radari yenyewe. Radari ya kawaida inafanya kazi kama mwangwi wa sauti yetu mlimani. Inatupa wimbi la radio, wimbi linapiga kitu, linarudi. Kwa kuwa wimbi linakimbia kilometa 300 000 kwa sekunde, tukipima muda wa kurudi tunajua umbali. Ndege iliyo kilometa 30 inarudisha mwangwi kwa muda wa sekunde 0,0002. Tarehe 26 Februari 1935, karibu na Daventry katika Uingereza, Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walionyesha kwamba ndege inaweza kujulikana kwa njia ya radio, na katika vita ya pili ya dunia radari iliokoa inchi yao. Katika vita hiyohiyo watu wa radari walisumbuliwa na mvua iliyojaa katika vioo vyao. Kiisha vita wakageuza usumbufu ule kuwa faida: radari ikaanza kutafuta mvua.

Lakini radari ya namna hii inasema tu kitu kiko wapi. Haiambii wimbi la upepo linakwenda wapi. Hapo wakamwita Doppler. Wimbi likipiga kitu kinachokuja, linarudi na mapigo mengi zaidi; likipiga kitu kinachokwenda, linarudi na mapigo machache. Radari ya Doppler haipimi muda tu, inasikiliza vilevile kama sauti imepanda au imeshuka. Tuchukue tena kilometa 72 kwa saa, mwendo wa kamio yetu. Radari ndogo ya polisi inayotupa wimbi la mapigo milyari 24 kwa sekunde itapata tofauti ya mapigo 3200 tu. Ni kama tone katika ziwa. Hata vile, mashini inachanganya wimbi lililotoka na lile lililorudi, na ile 3200 inabaki wazi. Ni sauti ambayo hata sikio la mtu lingeweza kuisikia. Wapiga tarumbeta wa Utrecht wangeielewa.

Radari ya hali ya anga inatupa wimbi ndani ya wingu, na matone ya mvua yanalirudisha. Matone yanachukuliwa na upepo. Basi mwendo wa matone ni mwendo wa upepo. Tarehe 24 Mei 1973, upepo mkali wa kuzunguka ulipiga mji wa Union City katika Oklahoma, Marekani. Radari ya Doppler ya wachunguzi wa Norman ilikuwa inautazama. Walipochunguza maandiko yake waliona fasi moja ndani ya wingu ambapo upepo unaokuja na upepo unaokwenda vimekaa karibukaribu, alama ya mzunguko. Na alama ile ilianza juu mbele ya upepo kugusa udongo. Maana yake watu wangeweza kuonywa mapema. Kuanzia miaka ya 1990 Marekani ilikuwa na radari za namna hii katika vituo karibu 160.

Faida ya pili imelipwa kwa damu. Tarehe 24 Juni 1975, ndege moja ilianguka ikikaribia kutua New York katika mvua ya radi. Watu 113 walikufa. Tetsuya Fujita, mwenye elimu aliyetoka Japani na kufundisha Chicago, alisema kwamba kuna upepo unaoanguka kutoka wingu kama maji ya ndoo iliyomwagwa, unapiga udongo na kutawanyika pande zote. Ndege ikiingia, kwanza inapata upepo wa mbele unaoinyanyua. Mara moja upepo unageuka kuwa wa nyuma, na ndege inapoteza nguvu. Wengi hawakumwamini. Mwaka wa 1978 wakaweka radari za Doppler karibu na Chicago, na upepo ule ukaonekana kweli. Lakini tarehe 2 Agosti 1985, kule Dallas, ndege nyingine ikaanguka kwa sababu ileile. Watu 137 walikufa. Kiisha hapo radari za Doppler za kutazama upepo huu zikawekwa kwenye viwanja vikubwa vya ndege vya Marekani, na nyingine ndani ya pua ya ndege zenyewe.

Faida nyingine tutazipita upesi. Watu waliposikiliza Sputnik, ile satelite ya kwanza ya mwaka wa 1957, walijua njia yake kwa namna sauti yake ilivyopanda na kushuka. Kutoka hapo wakatengeneza satelite za kuongoza meli. Katika hospitali, kuanzia kazi ya Shigeo Satomura wa Japani katika miaka ya 1950, kanuni hiyohiyo inatumiwa kwa sauti ambayo sikio halisikii, kusudi waone damu inavyopita na moyo unavyotembea. Hii si radari, kwa kuwa ni sauti na si radio, lakini ni ndugu yake. Mama anayezalisha anapoweka kile chombo kidogo juu ya tumbo na kusikia moyo wa mtoto ambaye hajazaliwa, anamtumikisha Doppler bila kumtaja.

Radari hii ina mpaka wake. Inaona mwendo wa kuja na mwendo wa kwenda tu. Kitu kinachokatiza mbele yake, kama mtu anayepita kando, hakibadilishi wimbi, na radari inakihesabu kama kimesimama. Kwa sababu hiyo wachunguzi wanapenda kuweka radari mbili, kila moja itazame upande wake. Ndiyo shauri letu lilelile juu ya barua ya malalamiko: pande mbili, hata kwa mashini.

9. NENO LA MWISHO

Sisi wa mashariki ya Kongo tunakaa katika moja ya pande za dunia zinazopigwa na radi kupita nyingine. Tunajua mtumbwi unaotoka na jua na kukutana na dhoruba katikati ya ziwa. Kwa hiyo kazi ya kujua upepo mbele haujafika si jambo la kitabu kwetu. Kati yetu, kuna mmoja atakayeifanya. Pengine ni yule wa besi.

Tena tumejifunza hili. Doppler hakuona radari hata moja. Alikufa miaka 82 mbele ya siku ile ya Daventry. Alikosea mfano wake, hesabu zake zilidharauliwa kwa kuwa rahisi, na wasikilizaji wake hawakujaza chumba. Lakini aliandika wazo lake wazi, kusudi mwingine aweze kulipima. Buys Ballot akalipima, akatenga kweli na kosa. Kama Doppler angekaa kimya kwa kuogopa kukosea, tungepoteza yote mawili. Basi ndugu, profesa wa fizikia akiuliza swali, nyosha mkono. Ukikosea, kosa litaonekana na litaondoka. Ukiwa na haki, hata wakicheka, kamio nyingine itapita.

Kapita wenu, darasa la mwisho.